Surua inafuta kumbukumbu ya mwili: historia iliyopita Kasongo

Leo hatuleti habari ya barabara wala ya bei ya mchele. Tunaleta historia ya ugonjwa mmoja ambao kila mama anaujua, yaani surua, ile ambayo kwenye kituo cha afya inaitwa rougeole.

Tunaileta kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuna neno ambalo kila mzazi amekwisha kulisikia: "Mtoto akipona surua, sasa amekomaa." Neno hilo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba surua haitamrudia. Nusu nyingine ni kwamba mtoto huyo anaweza kubaki mnyonge mbele ya magonjwa mengine kwa muda wa miaka miwili au mitatu, na wengi wanakufa katika muda huo bila mtu kukumbuka surua. Sababu ya pili ni kwamba mji wetu wa Kasongo una nafasi katika historia hiyo, na wengi wetu hatukuambiwa.

Mwili una kumbukumbu

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Wakaaji walikuwa karibu 7,800, na zaidi ya 6,000 waliugua kwa muda wa miezi michache. Serikali ya Denmark ilituma daktari kijana, Peter Ludwig Panum. Alitembea kijiji kwa kijiji, akaandika nani ameugua na nani hakuugua. Aliona jambo la ajabu: wazee fulani waliishi nyumba moja na wagonjwa, lakini wao hawakuguswa. Alipouliza, alikuta kwamba wazee hao walikuwa wameugua surua mwaka 1781, walipokuwa watoto. Miaka 65 ilikuwa imepita, na miili yao ilikuwa bado inakumbuka.

Leo tunajua kumbukumbu hiyo inakaa wapi. Katika damu yetu kuna chembe nyeupe, na kati ya chembe hizo kuna seli za kinga ambazo ni kama askari wa mwili. Wengine wanatengeneza silaha zinazoitwa kingamwili. Hao ni seli B. Wengine wanaua kirusi pale kilipojificha, au wanatoa amri kwa wenzao. Hao ni seli T. Kila mara mtoto anaposhinda ugonjwa, iwe ni kifua, kuhara au mafua, sehemu ya askari hao inabaki hai kwa miaka mingi, na inashika sura ya adui huyo. Hao tunawaita seli za kumbukumbu. Wanakaa katika damu, katika bandama, katika mifupa, na katika zile tezi za shingoni na kwapani ambazo zinavimba mtoto akiugua.

Mtoto wa miaka mitatu huku kwetu amekwisha kupigana na maadui wengi. Kila pigano lilimtoa jasho, nalo liliwaachia askari wake somo. Somo hilo ndilo surua inalofuta.

Kirusi kinachowatafuta askari wenyewe

Daktari wa kwanza kuona alama ya jambo hili alikuwa Clemens von Pirquet, wa mji wa Vienna. Alikuwa ametengeneza njia ya kupima kifua kikuu kwa kukwaruza ngozi: kama mwili ulikwisha kukutana na kifua kikuu, ngozi inavimba. Mwaka 1908 aliandika kwamba watoto waliokuwa wakivimba vizuri waliacha kuvimba walipougua surua. Siku chache baadaye, uvimbe ulirudi kidogo kidogo. Kwa maneno mengine, mwili ulikuwa umemsahau adui aliyemjua jana. Pirquet hakuwa na chombo cha kuonyesha sababu. Ilikuwa bado miaka karibu 50 kabla kirusi cha surua chenyewe kupatikana na kukuzwa Marekani, mwaka 1954.

Mwaka 2000, watafiti wa Japani wakiongozwa na Yusuke Yanagi walionyesha mlango ambao kirusi hiki kinapitia. Mlango huo uko juu ya seli za kinga zenyewe, na zaidi sana juu ya zile zenye kumbukumbu. Hapo mambo yakaeleweka. Mtoto anavuta hewa ambayo mgonjwa amekohoa ndani yake. Kirusi kinakamatwa mapafuni na askari wa zamu, lakini badala ya kufa, kinapanda juu ya askari huyo kama abiria juu ya pikipiki, naye anakipeleka mpaka kwenye tezi, yaani ndani ya kambi. Huko kinaingia katika seli B na seli T za kumbukumbu, kinazaana ndani yao, kinasambaa mwili mzima. Siku 10 hadi 14 baada ya kuambukizwa, upele unatoka. Wakati huo chembe nyeupe za aina hiyo zimepungua sana katika damu.

Halafu kinakuja kitu ambacho kiliwadanganya waganga kwa miaka mingi. Baada ya juma moja au zaidi kidogo, ukihesabu askari katika damu, hesabu imerudi. Mtu anaweza kusema: mtoto amepona, jeshi limejaa tena. Lakini wengi wa askari hao ni wapya, na wamezaliwa ili kupiga surua. Wazee wa kambi, wale waliojua sura ya kifua na ya kuhara, hawapo. Kwa hiyo mtoto anaikumbuka surua maisha yake yote, lakini amewasahau maadui wengine.

Hapa inafaa kulinganisha na ugonjwa mwingine ambao watu wa inchi yetu wanaujua kwa uchungu, yaani SIDA. Mojawapo ya damu za zamani zaidi duniani ambamo kirusi cha VIH kilikutwa ilichukuliwa Kinshasa, wakati ule Léopoldville, mwaka 1959. VIH nayo inashambulia seli T, zile zinazotoa amri. Lakini VIH inawamaliza askari polepole kwa miaka, na pasipo dawa hesabu yao inaendelea kushuka. Surua inawapiga kwa siku chache, kisha inaondoka. Ndiyo maana SIDA watu wanaiogopa, na surua wanaiona kama ugonjwa wa kawaida wa watoto. Ukiona mtoto amenyauka kwa kuhara miezi sita baada ya upele, hutaki kusema ni surua. Unasema ni kuhara.

Watoto wa Kasongo waliohesabiwa

Sasa turudi nyumbani. Katika vitabu vya historia, Kasongo inatajwa kwa habari ya Tippu Tip, ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na ya vita ya 1893. Lakini katika vitabu vya uganga, jina la Kasongo linatajwa kwa habari nyingine kabisa.

Katika miaka ya 1970, wakati inchi iliitwa Zaïre, waganga wa hapa na wenzao wa Chuo cha Tiba ya Inchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walianza kazi iliyoitwa Mradi wa Kasongo. Daktari Pierre Mercenier alikuwa mmoja wa viongozi wake wa mawazo. Walitaka kujua namna gani hospitali moja na vituo vya afya vinavyoizunguka vinaweza kufanya kazi kama kitu kimoja, kila kituo kikijua familia zake. Mawazo hayo, pamoja na ya miradi mingine, yalisaidia kuzaa mpango wa maeneo ya afya, ile zone de santé tunayoijua sote. Katika miaka ya 1980 inchi iligawanywa katika maeneo 306. Leo yamefika 519, na 18 kati yao yako Maniema.

Mradi ulitoa pia chanjo ya surua. Chanjo hiyo ilikuwa bado kijana: ilikubaliwa Marekani mwaka 1963, na OMS ilianzisha mpango wake mkubwa wa chanjo kwa inchi zote mwaka 1974. Waganga wa Kasongo hawakutosheka kuhesabu sindano. Walifuata maisha ya watoto wenye miezi 7 hadi 35, wakalinganisha waliopata chanjo na wasioipata: nani anaishi, nani anakufa, na kwa umri gani. Mwaka 1981 matokeo yalichapishwa London katika gazeti kubwa la waganga, The Lancet, chini ya jina la kundi zima la Mradi wa Kasongo.

Waliona nini? Waliona kwamba katika umri ule ambao surua inaua sana, watoto wenye chanjo walikufa kidogo. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini waliuliza pia swali gumu. Kadiri watoto walivyokua, faida ile ilionekana kama inapungua. Je, chanjo iliwaokoa watoto kweli, au iliwatoa tu mkononi mwa surua ili wale wanyonge wafe baadaye kwa kifua, kwa malaria au kwa njaa?

Swali hilo halikuwa la ubaya. Dawa na friji zilikuwa chache, na mganga mwenye fedha kidogo lazima ajue aitie wapi. Lakini lilikuwa na uzito. Watu wengine wangeweza kulishika na kusema: kwa nini tupoteze mali kuchanja watoto wa maskini, kama watakufa tu?

Tunaposema watoto wale, hatusemi watu wa mbali. Waliozaliwa kati ya miaka ya 1970 wanafikia leo miaka 50 hivi. Labda ni wewe unayesoma, au mama yako, au jirani anayekuuzia muhogo. Maisha yao yaliandikwa katika daftari, na daftari hizo zilisomwa duniani.

Jibu lilichelewa

Wakati ule ule, huko Guinea-Bissau, mtafiti wa Denmark anayeitwa Peter Aaby naye alikuwa anahesabu watoto, tangu mwaka 1978. Yeye aliona kinyume: watoto waliochanjwa surua waliendelea kuishi kuliko wenzao, na faida ilikuwa kubwa kuliko hesabu ya vifo vya surua peke yake. Majadiliano yake na kazi ya Kasongo yalianza mwaka ule ule wa 1981. Mwaka 1995, yeye na wenzake walikusanya hesabu za inchi mbalimbali, na ya Kasongo ikiwa ndani. Waliona kwamba chanjo ya surua ilipunguza vifo vya watoto kwa kiasi kisichoweza kuelezwa na surua peke yake. Kwa hiyo lile wazo kwamba chanjo inaahirisha kifo tu halikusimama.

Lakini kwa nini iwe hivyo? Sindano moja ya surua inamlindaje mtoto na kifua? Mwaka 2012, watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walifuata kirusi katika miili ya kima, wakaona seli za kumbukumbu zinavyoambukizwa na kufa. Mwaka 2015, Michael Mina na wenzake walisoma hesabu za vifo za miaka mingi za Uingereza, Marekani na Denmark. Waliona kwamba kila surua inapopita, vifo vya watoto kwa magonjwa mengine ya kuambukiza vinabaki juu kwa miaka 2 hadi 3.

Kisha ikaja kazi ya 2019. Katika Uholanzi kuna vijiji ambamo watu wanakataa chanjo kwa sababu ya imani. Mwaka 2013 surua iliwapiga. Watafiti walikuwa na damu ya watoto 77 wasiochanjwa, iliyochukuliwa kabla na baada ya ugonjwa. Walipolinganisha, waliona kwamba surua ilifuta kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya aina za kingamwili ambazo mtoto alikuwa nazo. Wale waliopata chanjo hawakupoteza namna hiyo. Chanjo ni kirusi kilichodhoofishwa: kinawafundisha askari bila kuwaua.

Wako wataalamu wanaosema kwamba chanjo yenyewe inaamsha mwili kwa njia nyingine pia, na mjadala huo unaendelea. Lakini kuhusu kufutwa kwa kumbukumbu, ushahidi umekuja kutoka pande nyingi. Swali lililoulizwa Kasongo lilikuwa swali zuri. Jibu lake ni kwamba mtoto aliyechanjwa anabaki na mali yake yote ya kinga, na mtoto aliyepita katika surua anatoka akiwa ameporwa.

Na mwaka ule ule wa 2019

Watafiti walipokuwa wanaandika hayo, inchi yetu ilikuwa katika mlipuko wa surua uliokuwa mkubwa kuliko wote duniani wakati ule. Mwanzoni mwa Januari 2020, OMS ilitangaza kwamba tangu mwanzo wa 2019 wagonjwa waliodhaniwa kuwa na surua walikuwa karibu 310,000, na waliokufa walikuwa wamepita 6,000. Katika miezi ile, dunia nzima ilikuwa inatazama Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri. Surua iliua watu wengi zaidi kuliko Ebola hiyo, lakini haikupata kelele nyingi. Na vifo vile 6,000 ni vya wakati wa ugonjwa wenyewe. Waliokufa mwaka uliofuata kwa kifua au kuhara hawamo katika hesabu hiyo.

Maana yake kwa familia zilizokimbia

Ndugu zetu mliotoka Saramabila, mliotoka upande wa Fizi, au mliokimbia kijiji kimoja cha Kabambare mpaka kingine: mambo haya yanawagusa kwanza. Surua inaambukiza kuliko karibu kila ugonjwa. Mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, na anaanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kutoka. Pale familia tatu zinapolala katika chumba kimoja, mtoto mmoja anatosha. Ili ugonjwa usipate njia, inahitajika watoto 95 kwa kila 100 wawe na kinga. Safari ya kukimbia inavunja hesabu hiyo: siku ya chanjo inapita familia ikiwa porini, na chanjo yenyewe lazima ibaki kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8 mpaka ivuke Lwama na kufika.

Na kumbuka kwamba mtoto wa mkimbizi anahitaji kumbukumbu ya kinga kuliko mtoto mwingine. Anakunywa maji mapya, analala mahali papya, anakula kidogo. Askari wazee wa mwili wake ndio mali ambayo wanamgambo hawawezi kumnyang'anya barabarani. Surua inaweza.

Kwa hiyo tunayasema haya wazi:

Chanjo ya kawaida inaanza mtoto akifika miezi 9, na dozi mbili ndizo zinazompa kinga kamili. Katika mlipuko au kati ya watu waliohamishwa, waganga wanaweza kuanza miezi 6, lakini hiyo ni ya ziada: lazima arudi baadaye kupata nyingine.

Fishi ikipotea njiani, usione haya. Nenda useme ukweli. Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto; kukosa ndiko kunakomdhuru. Na chanjo hii haiuzwi.

Mtoto akitoka upele na homa, macho mekundu na kikohozi, mpeleke kituo cha afya mapema, au mwite RECO wa kijiji. Atapewa vitamini A, siku mbili mfululizo. Inalinda macho yake na inapunguza hatari ya kufa. Mpe kunywa na kula. Usimnyime chakula, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Na hili ndilo jambo ambalo historia hii imetuletea: upele ukiisha, kazi haijaisha. Mtoto aliyetoka katika surua mwangalie kama mtoto mchanga kwa miaka miwili au mitatu. Alale chini ya chandarua. Amalizie chanjo nyingine zote. Mpeleke siku ya kupima kilo, kwa sababu waganga wa Kasongo walipima watoto miaka ile ili wajue yupi yuko hatarini kabla hajaanguka. Akianza kupumua haraka au kuhara, usingoje kesho, na mwambie titulaire: "Huyu aliugua surua miezi minne iliyopita." Neno hilo moja linaweza kubadilisha namna atakavyomwangalia.

Kwa wenyeji tunaopokea wageni, tuseme hivi: siku ya chanjo ikitangazwa kanisani, msikitini au sokoni, usiende na watoto wako tu. Chukua na wa jirani aliyekimbia, ambaye labda bado haijui njia ya kituo. Kinga ya mtoto wake ni ukuta wa nyumba yako.

Ni sisi, mwandishi wenu wa kusini mwa Maniema. Mwenye swali kuhusu chanjo amuulize titulaire wa kituo chake cha afya, na mwenye habari ya watoto wanaotoka upele katika kijiji chake asikae nayo. Amani iwe nanyi.